Diski ya Nje Isiyofunguka Kwenye Windows: Namna ya Kuichunguza Bila Kupoteza Faili

Unapochomeka diski ya nje na Windows ikakujibu kwamba ni lazima uifomati kabla ya kuitumia, usibonyeze kitu chochote isipokuwa kitufe cha kughairi. Ujumbe huo umewapotezea watu kazi za miaka mingi, zikiwemo picha za harusi, tasnifu na hesabu za maduka, kwa sababu anayeusoma hudhani kwamba ni matokeo ya uchunguzi, ilhali Windows haijachunguza lolote. Ilichofanya ni kusoma sekta za mwanzo za diski, yaani vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa, ikakosa kuona alama za mfumo wa faili (utaratibu wa kupanga faili ndani ya diski) inaoufahamu, kisha ikapendekeza njia pekee inayoijua ya kuifanya diski ile itumike. Alama hizo zinaweza kukosekana kwa sababu waya umelegea, kwa sababu diski ilifomatiwa kwenye Mac, kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kunakili, au kwa sababu sekta zenyewe zimeanza kuharibika, na katika hali zote nne faili kwa kawaida bado zipo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa lolote, amua unachotaka kukiokoa. Ikiwa kila kilichomo kina nakala mahali pengine, diski ndiyo inayohitaji kuokolewa, na unaweza kuifomati bila hofu. Ikiwa hakuna nakala, basi faili ndizo zinazohitaji kuokolewa, na kila hatua inayoandika kitu kwenye diski hiyo, hata ile inayoitwa ya kurekebisha, ni hatari mpaka utakapokuwa na nakala. Mwongozo huu unaandikwa kwa ajili ya hali hiyo ya pili: tunatazama kwanza, tunanakili baadaye, na kurekebisha kunakuja mwisho. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye Windows ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi.

Waya, tundu na umeme

Anza na mambo ya nje, kwa sababu ndiyo mepesi na mara nyingi ndiyo yenye kosa. Diski ndogo za kubebeka, zile za inchi 2.5, hazina adapta yake. Hupata umeme wote kupitia tundu la USB. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900, lakini diski inapoanza kuzungusha sahani zake, yale mabamba ya kuhifadhia data, huvuta umeme mwingi zaidi kuliko inapokuwa imetulia. Waya mrefu na mwembamba, habu (kifaa cha kugawa tundu moja la USB) isiyo na adapta, au tundu la mbele la kompyuta ya mezani ambalo limeunganishwa kwa waya mwembamba ndani ya kasha, vyote vinaweza kuinyima diski umeme kiasi cha kuiacha ikiwaka taa bila kufanya kazi. Dalili yake ni kwamba unasikia diski ikianza kuzunguka, ikanyamaza, ikaanza tena, huku Windows ikitoa mlio wa kuchomeka na kuchomoa bila mtu kugusa kitu.

Chomeka moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, au kwenye tundu la upande mwingine wa kompyuta mpakato, ukitumia waya mfupi mwingine ambao umekwisha kuujaribu na diski nyingine. Kichwa kile kipana cha waya wa USB 3.0 kinachoingia kwenye diski ndogo hulegea kwa urahisi, hasa kama diski imezoea kubebwa mkobani ikiwa imechomekwa. Kumbuka pia kwamba nyaya nyingine za bei rahisi ni za kuchajia tu na hazina kabisa nyuzi za kupitisha data. Kisha jaribu diski hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine. Ikifunguka huko, umejua kwamba diski ni nzima na tatizo liko kwenye kompyuta yako.

Diski kubwa za mezani, za inchi 3.5, zinahitaji adapta, ambayo kwa kawaida ni ya volti 12. Adapta ikipotea, usichukue yoyote ile inayoingia kwenye tundu. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kasha la diski, ampia ziwe sawa au zaidi, na mpangilio wa chanya na hasi uwe uleule. Chaja ya kompyuta mpakato, ambayo nyingi hutoa volti 19, inaweza kuunguza bodi ya diski mara moja.

Sikiliza pia. Ikiwa diski inatoa mlio mkavu wa kugonga unaojirudia kwa mpigo uleule, tak, tak, tak, kisha inazimika, vichwa vya kusomea vinashindwa kupata njia yake, na kila dakika ambayo inaendelea kuwashwa inaweza kuukwaruza uso wa sahani. Ichomoe na uiache. Hakuna programu itakayosaidia hapo. Usiifungue ili uone ndani, kwa kuwa vichwa hivyo hupita juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na usiamini ushauri wa kuiweka kwenye friza, ambao huacha unyevu ndani ya diski. Kazi hiyo ni ya mafundi wenye chumba maalumu kisicho na vumbi, nayo ni ghali. Lakini diski inayowafikia kabla haijajaribiwa mara nyingi ina nafasi nzuri zaidi ya kusomeka.

Diski imefika wapi ndani ya Windows?

Ikiwa sauti ni ya kawaida, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Dirisha la "Disk Management" litafunguka. Sehemu ya chini inaonyesha kila diski kwa mstari wake: "Disk 0" kwa kawaida ni ya ndani ya kompyuta, na diski yako ya nje itakuwa "Disk 1" au zaidi. Itambue kwa ukubwa wake, ukijua kwamba diski iliyouzwa kama ya terabaiti 1 huonyeshwa hapo kuwa na GB 931.51, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa maelfu kamili ilhali Windows huhesabu kwa vizidishio vya 1024. Dirisha hili moja linaeleza mengi kuliko ujumbe wowote wa kosa, na ningependa kila mwenye diski ajue kulisoma.

Ikiwa diski haimo kabisa kwenye orodha, fungua devmgmt.msc kwa njia ileile na utafute alama ya pembetatu ya njano. Bofya kifaa chenye alama hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kiondoe, chomoa diski, washa kompyuta upya, kisha uchomeke tena ili Windows ipakie draiva kwa mara nyingine. Kuondoa kifaa hapo hakugusi faili. Kosa namba 43 likirudi kwenye kila kompyuta na kwa kila waya, basi ni bodi ya diski au ya kasha lake inayogoma.

Ikiwa diski imo, ina rangi ya bluu juu yake na neno "Healthy", lakini haina herufi, shukuru, kwa sababu hilo ni tatizo la nusu dakika. Bofya sehemu hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha uipe herufi. Mimi huchagua herufi za mbali kama T au U, kwa kuwa kwenye kompyuta za ofisini herufi za karibu mara nyingi zimekwisha kuchukuliwa na folda za mtandao, na mgongano huo wenyewe unaweza kuwa ndio ulioificha diski. Ikiwa imeandikwa "Offline", bofya jina la diski lililo upande wa kushoto na uchague "Online".

Neno "Not Initialized" linahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa Windows huleta dirisha linalokutaka uchague kati ya MBR na GPT, aina mbili za jedwali la sehemu za diski, kana kwamba ni jambo la lazima. Kwa diski mpya kutoka dukani, chagua GPT uendelee. Kwa diski yenye faili zako, ghairi. Hali kadhalika neno "Unallocated" lenye mstari mweusi lina maana kwamba jedwali la sehemu za diski limepotea, na kuunda sehemu mpya juu yake ni kuanza kuandika juu ya unachokitafuta. Na ukiona "No Media", au flashi inayodai kuwa na ukubwa wa sifuri, kidhibiti kilicho ndani kimeshindwa kuifikia kumbukumbu yenyewe. Programu yoyote inayokuahidi kuirudisha inakuomba pesa bure.

Kuna hali moja ambayo si ubovu hata kidogo. Ukiona sehemu ndogo ya MB 200 iliyoandikwa EFI mwanzoni mwa diski, ikifuatwa na sehemu kubwa isiyo na jina la mfumo wa faili, karibu kila mara diski hiyo ilifomatiwa kwenye Mac. Ipeleke kwenye Mac na itafunguka. Mashine za kurekodi kamera za ulinzi na baadhi ya televisheni nazo hufomati diski kwa mifumo ambayo Windows haiisomi. Na kama diski ina alama ya kufuli na maneno "BitLocker Encrypted", kinachohitajika ni nywila au ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48; utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeifunga, au uulize idara ya kompyuta ya ofisi iliyokupa diski hiyo.

Diski inaposomwa kuwa RAW

Hali inayowatesa watu wengi zaidi ni hii: "Disk Management" inaonyesha herufi, inaonyesha ukubwa kamili, lakini mahali palipostahili kuandikwa jina la mfumo wa faili, kama NTFS au exFAT, pameandikwa RAW, yaani Windows haiutambui mfumo wa faili uliopo. Ukiendesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, inakujibu kwamba haiwezi kufanya kazi kwenye diski za RAW na inaishia hapo. Wengi wakifika hapa hukata tamaa, ilhali hapa ndipo kazi ya maana inapoanza.

Kwanza pima afya ya diski. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe huzitunza. Tazama mistari mitatu, yenye alama 05, C5 na C6: wa kwanza unahesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba, wa pili sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuzitolea uamuzi, na wa tatu zile zilizoshindikana kurekebishwa. Programu hiyo huonyesha thamani ghafi kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita isipokuwa uibadilishe, kwa hiyo 10 iliyoandikwa pale ni 16. Ikiwa mistari yote mitatu ni sifuri, kilichoharibika huenda ni mpangilio tu, na diski yenyewe inaweza kuvumilia kusomwa. Ikiwa C5 ina thamani, hasa kama inaongezeka, diski inakufa taratibu na unapaswa kuisoma mara moja tu, kwa mpangilio mzuri. Makasha mengine ya USB hayapitishi taarifa hizi. Hapo chukulia kwamba diski ni mgonjwa.

Kwa diski mgonjwa, usianze kuburuta folda moja baada ya nyingine. Windows ikikutana na sekta mbovu huirudia mara nyingi, dirisha huganda, na diski huzidi kuchoka kwa sekta ambayo pengine haikuwa na faili yako. Njia iliyo bora ni kuinakili diski nzima kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi kwa kutumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza maeneo yanayosomeka vizuri na kuyaacha mabovu kwa ajili ya baadaye. Tengeneza flashi ya SystemRescue, mfumo wa Linux wa uokoaji unaowashwa kutoka kwenye flashi, kwa programu ya Rufus, washa kompyuta kwa flashi hiyo, kisha andika lsblk ili uone majina ya diski zote pamoja na ukubwa wake. Tuseme diski mbovu ni sdb na mpya ni sdc. Amri ya kwanza itakuwa hivi:

ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map

Chanzo hutangulia, kinakopelekwa hufuata. Ukizigeuza, utaandika utupu wa diski mpya juu ya faili zako, kwa hiyo soma lsblk tena, linganisha ukubwa na modeli, na uandike majina hayo kwenye karatasi kabla ya kubonyeza Enter. Faili ya ramani ndiyo inayokumbuka kilichokwisha kusomwa. Ihifadhi kwenye flashi nyingine iliyounganishwa, kwa sababu ukiiacha ndani ya mfumo uliowashwa kwa flashi, umeme ukikatika itapotea na kazi itaanza upya. Mzunguko wa kwanza ukiisha, rudia amri hiyohiyo ukiweka -r3 badala ya -n, ili yale maeneo magumu yajaribiwe mara tatu. Kwa diski ya terabaiti 1 yenye afya kiasi, tarajia saa kadhaa. Kwa iliyochoka, hata siku nzima au zaidi.

Baada ya hapo weka diski ya awali kando na ufanye kazi kwenye nakala tu. Programu ya TestDisk, ambayo pia ni ya bure na imo ndani ya SystemRescue, inaweza kutafuta sehemu zilizopotea. Chagua diski ya nakala, kisha "Analyse", kisha "Quick Search". Sehemu yako ikitokea kwenye orodha, bonyeza herufi P. Ukiona majina ya folda zako yakijipanga kwenye kioo, unaweza kuyachagua na kuyanakili kwa herufi C kwenda diski ya tatu bila kuandika chochote kwenye ile ya nakala. Hilo ndilo ninalolipendelea kuliko kurekebisha. Ikiwa P haionyeshi kitu, kuna njia nyingine: mfumo wa NTFS huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo kwenye sekta ya mwisho kabisa ya sehemu hiyo, na TestDisk, kupitia "Advanced" na "Boot", inaweza kuirudisha nakala hiyo mahali pake. Diski nyingi zilizogeuka RAW baada ya kuchomolewa ghafla hufunguka kwa hatua hiyo peke yake.

Mpangilio ukiwa umeharibika kabisa, inabaki PhotoRec, ambayo husoma diski sekta kwa sekta ikitambua picha, video na nyaraka kwa umbo lake. Majina na folda hupotea, nawe unapata maelfu ya faili zenye majina ya namba ambazo utazipanga upya kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa mtu aliyedhani picha za marehemu mzazi wake zimetoweka, uchovu huo si neno.

Ni baada tu ya faili kuwa salama ndipo chkdsk E: /f inaporuhusiwa, na hapo ni kwa diski ambayo Windows inautambua mfumo wake lakini inadai kwamba faili au folda imeharibika. Amri hiyo hurekebisha mfumo wa faili kwa manufaa ya mfumo wenyewe: vipande isivyojua vimetoka wapi huvitupa kwenye folda iitwayo FOUND.000, na viingilio visivyoeleweka huvifuta. Ukiongeza /r, itasoma diski yote ikitafuta sekta mbovu, jambo ambalo kwa diski iliyochoka ni adhabu ya saa nyingi.

Diski inafunguka, faili hazionekani

Mara nyingine diski inafunguka lakini ndani kuna aikoni za njia za mkato tu, zenye majina ya folda zako. Yeyote anayechapisha kazi kwenye steshenari kwa kutumia flashi amewahi kukutana na kirusi hiki. Folda hazijafutwa, zimefichwa, na kila njia ya mkato unayoibofya inakiamsha kirusi upya. Usibofye hata moja. Kagua diski kwanza kwa kinga ya virusi ya Windows iliyosasishwa, kisha fungua dirisha la amri na uandike, ukibadilisha E kwa herufi ya diski yako:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Folda zitarudi kuonekana. Zikiwa bado hazipo, angalia kama kuna folda isiyo na jina lolote, kwa sababu aina nyingine za kirusi hicho huhamishia kila kitu humo.

Ujumbe wa "Access is denied" kwenye diski ya NTFS iliyotoka kompyuta nyingine kwa kawaida ni suala la umiliki. Fungua "Properties" ya diski, kisha "Security", kisha "Advanced", na ubadilishe jina lililo mbele ya "Owner" uweke la akaunti yako. Lakini kama diski hiyohiyo haionyeshi kiasi cha nafasi iliyotumika, acha umiliki na urudi kwenye hatua za RAW.

Jihadhari pia na flashi za terabaiti 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Kumbukumbu halisi iliyomo ni ndogo mno, kidhibiti kimefundishwa kudanganya, na faili zinazozidi ukubwa wa kweli huandikwa juu ya nyingine au hazihifadhiwi popote. Majina yataonekana, faili hazitafunguka, na hakuna cha kuokoa. Programu ya H2testw huijaza flashi mpya na kuisoma tena, hivyo kukueleza ukubwa wake halisi siku ileile uliyoinunua.

Ukishatoa faili zako na ukataka kuirudisha diski kazini, ifomati bila kuweka alama kwenye "Quick Format", kwa kuwa tangu Windows Vista ufomati kamili huandika sifuri kwenye kila sekta na kuilazimisha diski kuamua hatima ya zile zilizokuwa zinasubiri. Soma tena mistari 05, C5 na C6. Ikiwa C5 imerudi sifuri na 05 haijapanda, diski inaweza kubeba filamu na vitu vingine vyenye nakala kwingine; ikiwa namba zinaendelea kupanda, istaafishe. Chagua NTFS kama diski itabaki kwenye Windows, kwa kuwa mfumo huo huweka kumbukumbu ya mabadiliko na hustahimili zaidi kukatika kwa umeme. Chagua exFAT kama itapita pia kwenye Mac au televisheni, ukijua kwamba haina kumbukumbu hiyo. FAT32 iachie flashi ndogo, kwa kuwa haipokei faili moja inayofikia GB 4. Na ingawa tangu toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, diski za nje zimewekewa mpangilio unaoruhusu kuchomolewa haraka, ruhusa hiyo haihusu diski ambayo bado inaandikwa. Subiri taa itulie, itoe kwa aikoni ya kuondoa kifaa kwa usalama, ndipo uchomoe waya.